Hesabu Panya Kabla ya Kupanda: Kulinda Mahindi Bila Kuua Bundi

Mkulima anayekimbilia dukani kununua sumu siku anapoona mashimo matupu kwenye mistari yake amechelewa kama siku kumi hivi. Panya shamba huanza kufukua mbegu usiku uleule wa kupanda, na huendelea hadi mche ufikishe takriban wiki mbili, ambapo punje iliyo chini imekwisha na mche haumvutii tena. Sumu inayowekwa baada ya hapo huua panya walioshiba. Mbegu hairudi, na bundi anayeokota panya waliolewa sumu hufa pamoja nao.

Kazi yenye faida hufanyika wiki tatu hadi mbili kabla ya kupanda, na huanza na kuhesabu. Hapa chini ni namna ya kuifanya katika mashamba ya mahindi ya maeneo yenye vuli na masika, kama Morogoro, Handeni na Korogwe. Inafaa kwa afisa ugani, mwanafunzi wa utafiti au kikundi cha wakulima wenye daftari na subira. Kwenye mvua ya msimu mmoja, kama Dodoma au Songea, mbinu ni zilezile ila kalenda hubadilika.

Mjue unayemhesabu

Mharibifu mkuu ni panya shamba, kwa jina la kisayansi Mastomys natalensis. Ana rangi ya kijivu cha kahawia, tumbo jeupe lililofifia, na jike lake lina chuchu nyingi kuliko panya yeyote mwingine wa shambani, mistari miwili inayoanzia kifuani hadi mapajani. Hizo chuchu ndizo alama ya haraka ya kumtambua, na ndizo zinazoeleza tatizo: hubeba mimba siku 23 tu na huzaa kwa wastani watoto 11 hivi kwa mkupuo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wamekuwa wakiwanasa na kuwahesabu kila mwezi katika shamba moja Morogoro tangu 1987, na kumbukumbu zao zinaonyesha kuwa hekta ileile inaweza kuwa na panya 20 mwaka mmoja na mamia kadhaa mwaka mwingine. Kwa hiyo kuhesabu mara moja na kudhani umeshalijua shamba lako ni kujidanganya.

Wengine utakaowakuta mtegoni hawana kesi. Kirukanjia anakula wadudu. Panya buku, jamaa ya wale wanaofundishwa na shirika la APOPO palepale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, haingii katika mtego mdogo hata akitaka. Ukifanya kazi kwenye mashamba yanayopakana na misitu ya Uluguru au Udzungwa, unaweza kunasa mnyama asiyepatikana popote pengine duniani. Milima hiyo bado inatoa spishi mpya, na sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu wa Udzungwa alipewa jina la kisayansi mwaka 2008 tu. Usiyemtambua, mpige picha kisha mwachie palepale ulipomnasa.

Soma mvua kwanza

Katika mwaka wa kawaida, panya shamba huanza kuzaliana masika yanapokolea, huendelea hadi kiangazi cha Septemba, na idadi hufika kileleni karibu na kuanza kwa vuli. Kisha hupungua hadi masika mengine. Kuna mambo mawili hapo ambayo wakulima wengi hawayaunganishi.

La kwanza, mahindi ya vuli hupandwa wakati panya wako wengi kuliko wakati wowote wa mwaka. Hata mwaka mtulivu, vuli ndiyo ya kuhesabia kwa makini zaidi.

La pili, vuli ikinyesha kwa wingi Novemba na Desemba, nyasi na mbegu za magugu huwapa panya chakula cha kuzaliana kabla ya wakati wao. Watoto wa Januari huwa wakubwa ifikapo Machi, nao, pamoja na mama zao, huzaa tena masika yanapoanza. Milipuko mikubwa mara nyingi hutokana na mzunguko huo wa ziada. Weka kopo la kupimia mvua shambani na uandike kila siku. Vuli ikizidi wastani wa eneo lako kwa wazi, panga kuhesabu Februari bila kusubiri malalamiko.

Gridi ya mitego

Unahitaji mitego 49 ya kunasa hai, ya bati inayokunjwa, yenye urefu wa sentimita 23 hivi. Mitego ya kubana haifai hapa, kwa sababu hesabu inamtaka panya arudi mtegoni akiwa mzima. Unahitaji pia vijiti 49 vyenye namba, tepu ya mita 50, mizani ya springi ya gramu 100, mfuko wa kitambaa cheupe, glavu nene, mkasi mdogo, daftari na penseli. Kalamu ya wino hufutika kwenye umande.

Chagua sehemu inayowakilisha shamba. Gridi iliyobanwa kwenye pori la pembeni itatoa namba za kutisha, na iliyowekwa katikati ya udongo uliolimwa jana itatoa sifuri. Zote mbili hazikusaidii. Pima mistari saba yenye vituo saba kila mmoja, umbali wa mita 10 kutoka kituo hadi kituo. Kila kituo mtego mmoja, ndani ya mita moja ya kijiti, mahali penye alama za kupita panya: njia nyembamba kwenye majani, kinyesi, maganda ya mbegu. Mlango uelekee kwenye njia, na mtego ukae tambarare, maana ukitikisika panya akikanyaga kizingiti hurudi nyuma.

Chambo ni siagi ya karanga na pumba za mahindi, kijiko kimoja cha siagi kwa vijiko vitatu vya pumba, vilivyokandwa hadi vishikane. Weka tonge la ukubwa wa punje ya njugu mawe nyuma ya kizingiti. Nusu kilo hutosha mitego 49 kwa usiku tatu. Badilisha chambo kila jioni. Kikilala kinakauka, na sisimizi hukimaliza kabla panya hajafika.

Tega kuanzia saa kumi jioni. Kagua kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na umalize kabla ya saa moja na nusu, kwa sababu bati likipigwa na jua panya aliye ndani hufa haraka, na panya aliyekufa huharibu hesabu ya kesho. Mchana ifunge mitego yote. Siafu wakionekana kwenye mstari, ondoa mitego ya mstari huo usiku huo na uandike. Siafu humla panya akiwa hai ndani ya bati, jambo la ukatili, na tena wewe utabaki na mfupa usiojua ni wa nani.

Kila panya: mmwage kutoka mtegoni moja kwa moja ndani ya mfuko, pima uzito pamoja na mfuko kisha utoe uzito wa mfuko, mshike kwa ngozi ya shingo kupitia kitambaa, angalia jinsia. Kwa dume, umbali kati ya sehemu ya haja kubwa na uume ni mkubwa kuliko wa jike. Jike mwenye chuchu zilizotoka au tumbo lililojaa, andika. Kisha kata nywele kidogo mgongoni karibu na mkia kama alama, bila kugusa ngozi. Wapo wanaopaka dawa ya zambarau ya vidonda, ile ya GV. Inaonekana vizuri kwa siku mbili tatu na haimuumizi. Usimkate vidole ili kumtia alama.

Kisha mwachie pale ulipomnasa. Hapa ndipo mkulima mwenye shamba anapokuangalia kama umerukwa na akili, na ni vizuri umweleze kabla ya siku ya kwanza kwamba ukiwaua leo hutajua wangapi wamebaki. Asubuhi ya mwisho, hesabu ikishakwisha, hiyo ni hiari yake.

Kuhusu afya, usifanye mzaha. Panya hubeba viroboto na mkojo wao unaweza kuwa na leptospira, bakteria wanaomletea mtu homa. Glavu na mikono mirefu ni lazima, na mitego ioshwe kwa maji yenye dawa ya kuchubulia nguo, sehemu moja kwa tisa za maji, kisha isuuzwe na kukaushwa. Wilaya ya Lushoto imewahi kusumbuliwa na tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, kwa miaka mingi kuanzia 1980. Katika maeneo ya historia hiyo kazi hii ifanywe pamoja na watu wa afya. Popote pale, ukikuta panya wamekufa hovyo bila mtu kuweka sumu, usiwaguse, toa taarifa kituo cha afya. Homa kali na mtoki kinenani au kwapani baada ya kushika panya si ya kusubiri kesho.

Anayetega kwa ajili ya utafiti, tofauti na mkulima anayelinda shamba lake, anahitaji kibali cha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kabla ya mtego wa kwanza.

Namba zinasemaje

Kipimo cha kwanza ni asilimia ya unasaji. Mitego 49 kwa usiku tatu ni usiku 147 wa mitego. Mitego iliyofyatuka mitupu haikuwa ikifanya kazi usiku mzima, kwa hiyo toa nusu ya idadi yake. Ikiwa 14 ilifyatuka, utagawanya kwa 140. Ukinasa mara 21, jibu ni asilimia 15. Bila marekebisho hayo, mwaka wenye upepo mwingi utaonekana kuwa na panya wachache kuliko walivyo.

Kipimo cha pili ni makadirio ya idadi. Tuseme usiku wa kwanza umenasa na kuweka alama panya 30. Usiku wa pili umenasa 25, na 9 kati yao wana alama. Jumlisha moja kwa kila namba: 31 zidisha 26 ni 806, gawanya kwa 10 ni 80.6, toa 1. Unapata panya 80 hivi. Gridi ya saba kwa saba inafunika mita 60 kwa 60. Ukiongeza mita 5 kila upande inakuwa 70 kwa 70, yaani hekta 0.49. Kwa hiyo ni panya 163 kwa hekta. Ichukue namba hiyo kama ya juu kidogo, kwa sababu baadhi ya panya walikuja kutoka nje ya gridi kwa harufu ya karanga. Wenye alama wakiwa chini ya saba, achana na makadirio haya na utumie asilimia ya unasaji peke yake. Hesabu hutoa jibu hata pale data inapokuwa haifai, na jibu hilo hupotosha.

Kwa kazi ya shamba, unasaji wa chini ya asilimia 5 wiki tatu kabla ya kupanda unaweza kushughulikiwa kwa usafi wa shamba tu. Ukivuka asilimia 15, chukulia kwamba msimu una hatari na uanze kuzungumza na majirani. Kati ya hapo, angalia majike. Unasaji wa asilimia 10 ambapo nusu ya majike wana mimba ni mbaya kuliko asilimia 13 ya madume peke yake. Mipaka hii ni ya kuanzia. Baada ya misimu mitatu minne ya kulinganisha na hasara halisi, shamba lako litakupa mipaka yake.

Ukikosa mitego

Hesabu mashimo yanayotumika. Pima mraba wa mita 50 kwa 50, jioni ziba kila shimo kwa udongo ukitumia jembe, asubuhi hesabu yaliyofunguliwa. Usitie mkono shimoni. Nyoka wanapenda nyumba za panya kuliko panya wenyewe. Shimo moja si panya mmoja, kwa hiyo kipimo hiki hakikupi idadi. Kinakuonyesha kama hali inapanda au inashuka ukilinganisha wiki hii na ile, na kwa mkulima hiyo inatosha.

Kuandaa shamba

Lima shamba lote kwa kina. Tafiti za Morogoro zimeonyesha kuwa mashamba yaliyofyekwa na kuchomwa tu hubaki na panya wengi kuliko yaliyolimwa kwa trekta, kwa sababu jembe huvunja mashimo na kufukia mbegu za magugu, na moto hupita juu kwa juu. Fyeka kingo za shamba upana wa mita mbili tatu, ondoa marundo ya mabua, na pandeni wote ndani ya wiki moja au mbili. Anayepanda peke yake mapema, au mwisho, hulisha panya wa kijiji kizima.

Jambo la majirani nalitilia mkazo. Ukiua panya wote kwenye ekari moja, pengo hilo hujazwa na wahamiaji ndani ya wiki chache, wakati mwingine haraka zaidi. Mtu mmoja mwenye bidii kati ya kumi waliolala anapoteza muda.

Sumu, ikibidi

Hesabu ikisema inabidi, basi sumu ichaguliwe kwa kumwangalia anayekula panya.

Sumu nyingi za dukani, zile punje na vipande vya bluu, kijani au waridi, ni za kuzuia damu kuganda. Soma jina dogo nyuma ya pakiti: brodifakumu, bromadioloni, flokumafeni. Panya akizila hafi siku hiyo. Huchukua siku tatu hadi saba, akizidi kulegea, akitembea mchana, akishindwa kukimbia. Yaani anakuwa windo rahisi kuliko wote shambani. Sumu yenyewe hukaa kwenye ini kwa miezi, hivyo bundi anayekula panya mmoja mmoja wa namna hiyo hujikusanyia dozi. Ndani ya ghala lililofungwa zina nafasi yake. Shambani, kwa maoni yetu, hazina.

Zinki fosfaidi hufanya kazi tofauti. Ni unga wa kijivu cheusi wenye harufu kama kitunguu saumu. Ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi inayoua panya ndani ya saa chache, na haijikusanyi kwenye nyama. Hatari kwa bundi ni ndogo zaidi, ingawa si sifuri, maana tumbo la panya linaweza kuwa na chambo ambacho hakijayeyuka. Mbwa na paka huathirika kwa njia hiyo. Ina kasoro tatu. Kanga, njiwa na kwale wakiokota punje zenye sumu hufa, kwa hiyo chambo kiwekwe ndani ya mdomo wa shimo au ndani ya kipande cha mwanzi, kamwe kisimwagwe wazi. Unyevu huimaliza nguvu na kutoa gesi hewani, kwa hiyo isitumike mvua ikinukia. Na panya aliyeonja kidogo akapona haigusi tena msimu mzima. Ndiyo maana huwekwa chambo safi kisicho na sumu kwa usiku mbili au tatu kwanza ili wazoee, kisha chenye sumu mara moja tu, wiki moja kabla ya kupanda.

Uchanganyaji uachiwe afisa ugani au mtu aliyefunzwa, na dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Kusanya mizoga kila asubuhi kwa siku tatu, kwa koleo, na uifukie zaidi ya nusu mita. Dawa za wadudu zinazouzwa kwa kupimiwa kwenye karatasi kama sumu ya panya zikataliwe kabisa. Mojawapo ya dawa za wadudu, karbofurani, ilitumika Kenya kutia sumu mizoga, ikaua simba na tai.

Bundi wa kazi

Anayewinda mashambani kwa wingi ni babewatoto, bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo. Huweka makao kwenye matundu ya mibuyu, dari za makanisa na shule, na kwenye viota vikubwa vilivyoachwa na ndege aitwaye fundichuma. Akipata chakula hutaga mayai manne hadi saba, huyaatamia siku 30 hivi, na makinda hukaa kiotani wiki saba hadi tisa. Huo ndio muda ambao wazazi wanabeba panya usiku kucha.

Tuseme ukweli: bundi hawezi kuzima mlipuko. Panya akizaa 11 kwa mkupuo, hakuna ndege wa kumfikia. Anachofanya ni kukata wazazi wachache waliobaki mwishoni mwa msimu mbaya, wakati kila jike aliyeondolewa ana thamani. Kwa hiyo sanduku la kiota ni kazi ya miaka, na halichukui nafasi ya kuhesabu.

Plaiwudi moja ya milimita 18, futi 4 kwa 8, inatosha sanduku moja. Kata kwanza ukanda wa sentimita 62 kwa urefu wa karatasi, utoe humo vipande viwili vya 64 kwa 62 (mbele na nyuma) na viwili vya 45 kwa 62 (ubavuni). Kwenye ukanda uliobaki toa sakafu ya 60 kwa 45 na paa la 80 kwa 59. Ubavu hupigiliwa kwenye ncha za sakafu, mbele na nyuma hufunika vyote. Tundu la kuingilia liwe la sentimita 15 kwa 15, upande mmoja wa ubao wa mbele, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 40 juu ya sakafu. Hapo ndipo mafundi hukosea mara nyingi. Huliweka chini kama mlango wa banda la kuku, na makinda ya wiki tano huanguka. Pigilia vijiti vya kupandia ndani chini ya tundu. Toboa matundu sita ya milimita 10 sakafuni ya kutolea maji, weka maranda kiasi cha sentimita 5, funika paa kwa bati, na ubao wa nyuma ukatwe nusu na kuwekwa bawaba ili kusafisha.

Sanduku linafika kilo 20 na ushee, kwa hiyo nguzo iwe ya mkaratusi, mita 6, moja ikiwa ardhini. Kiasi cha mita moja na nusu kutoka chini, izungushie nguzo bati laini la upana wa sentimita 90, kanu na nyoka wasipande. Tundu lisielekee kunakotoka upepo wa mvua. Sehemu za karibu na pwani masika huja na kusi, hivyo kaskazini hufaa. Kwenye mashamba ya michikichi Malaysia huweka sanduku moja kwa kila hekta 5 hadi 10; kwa mashamba ya mahindi anza na moja kwa hekta 10 na usiongeze hadi la kwanza lipate mpangaji. Anaweza kuchelewa mwaka au zaidi. Kumletea makinda kutoka kanisa la kijiji cha pili ni kuua makinda tu.

Nyuki watakutangulia. Kundi likihamia, usichome wala usipulize dawa. Mwite mrina asali alihamishe usiku, na uache mzinga mtupu mita 50 hivi kutoka hapo ili kundi lijalo liwe na pa kwenda.

Tatizo kubwa kuliko nyuki ni sifa ya bundi. Kwa watu wengi huyu ni ndege wa uchuro, akilia juu ya paa kuna msiba, na watoto hufundishwa kumpiga mawe. Babewatoto tena halii vizuri. Anakwaruza kama mtu anayekabwa. Weka sanduku mita 150 au zaidi kutoka kwenye nyumba, mweleze mwenyekiti wa kitongoji na wazee kabla ya kuchimba shimo la nguzo, na usibishane juu ya imani ya mtu. Chukua matonge yaliyotapikwa chini ya mti anapolala bundi, yafungue mbele yao. Fuvu nne za panya kutoka tonge moja husema zaidi ya semina.

Kwa utafiti, okota matonge kila wiki ukiwa na glavu na barakoa, loweka kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, tenganisha kwa vibano. Hesabu mataya ya chini ya kushoto na fuvu, chukua iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Panya ana meno mawili marefu mbele, ya rangi ya chungwa, kisha pengo hadi magego. Kirukanjia ana mstari wa meno makali usio na pengo. Matonge 30 yanatosha kuonyesha bundi anakula nini msimu huo.

Siku ya kumi

Kabla ya kupanda, lowesha mbegu 100 ndani ya kitambaa na uhesabu zilizoota. Tuseme 92. Siku ya kumi baada ya kupanda, acha mistari miwili ya pembeni kila upande, kisha pita kila mstari wa tano. Ukikagua mashimo 400 ya mbegu moja moja, ulitegemea miche 368. Ukikuta 290, zimepotea 78.

Sasa tafuta nani. Panya huacha kishimo cha umbo la faneli na maganda ya punje pembeni, na mara nyingi hufuata mstari shimo baada ya shimo kama aliyepanda yeye. Ndege hung'oa mche na kuacha majani juu. Sota, kiwavi wa udongoni, hukata mche usawa wa ardhi na kuuacha umelala. Chimba kidogo utamkuta amejikunja. Ikiwa 18 ni za sota na ndege, za panya ni 60 kati ya 368, yaani asilimia 16. Kurudishia mbegu kuna maana siku hizo za mwanzo tu. Baadaye mche mpya hufunikwa na wenzake na kuzaa gunzi tupu.

Andika asilimia hiyo kwenye ukurasa uleule wenye asilimia ya unasaji, mvua ya vuli na idadi ya majike wenye mimba. Vijiti vinne vya kona za gridi vipake rangi na uviache ardhini, mtu ajaye Februari ijayo atege palepale.